Kabla hujagusa data za jinomu ya viazi

Juzi dogo mmoja hapa Uyole kaniuliza programu gani kali ya kuchambua sikwensi za viazi, yaani mpangilio wa herufi za DNA yake, nikamwambia programu baadaye bwana, we niambie kwanza kiazi chako kina seti ngapi za kromosomu. Kimya. Hapo ndo wengi tunaumia, maana hivi viazi mviringo vya Uporoto na Umalila vina seti nne, jumla kromosomu 48, sasa GATK, programu ya kutafuta tofauti kwenye DNA, usipoigusa yenyewe inajua kila kiumbe kina seti mbili kama binadamu, itakuletea majibu fresh kabisa bila kulalamika na mengi yatakuwa ya uongo. Weka ploidi (idadi ya seti) 4 kabla hujaran kitu. Na ukumbuke kwa seti nne, ridi (vipande vya DNA vilivyosomwa na mashine) nane tu zilizoangukia sehemu moja haziwezi kukwambia vizuri kama hiyo herufi ipo kwenye seti moja au mbili, so ongea na maabara mapema kuhusu kina, yaani kila sehemu isomwe mara ngapi, usisubiri hela iishe.

Halafu rejea, yaani jinomu (DNA yote ya kiumbe) unayolinganishia ridi zako. Jinomu ya viazi iliyotoka 2011, kama herufi milioni 840 hivi, ni ya kiazi DM, kile kilitengenezwa makusudi seti zake zifanane ili kazi iwe rahisi. Cha shambani kwetu hakiko hivyo, kwa hiyo ridi zitakazokosa pa kukaa usizitupe, pengine ndo humo jeni unayoitafuta imejificha. Andika pia umetumia toleo gani la rejea, la 6.1 au la zamani, namba za sehemu zinatofautiana.

Diski mi huwa naacha nafasi mara tatu ya mzigo wenyewe. Na md5sum jamani, ile amri ya kuhakiki kama faili limeshuka zima! Niliwahi kushusha mafaili kwa bando la usiku, nikaanza kualaini (kupanga ridi kwenye rejea), siku ya pili programu ikagoma katikati, kumbe faili moja halikushuka lote. Dakika tano za kulinganisha zingeniokoa.

FastQC, programu ya kupima ubora wa ridi, utaiona tu, alama ya ubora Q30 maana yake kosa moja kwenye herufi 1,000, sawa. Ila masika huku umeme unakatika vibaya, kazi ipange kwenye Snakemake, programu ya kuendesha hatua za kazi kwa mpangilio, iendelee ilipoishia, na jaribu kwanza sampuli moja, kromosomu moja, jioni hiyohiyo utajua kama umekosea.