Kuvusha bustani ya mboga mwisho wa kiangazi huku kwetu Mwanza

Kuanzia katikati ya Agosti mpaka vuli ianze kushuka mwezi wa kumi ndio kipindi bustani nyingi za huku ziwani zinakauka, na ndio kipindi hicho hicho fungu la mchicha sokoni linakua dogo na bei inapanda. Ukiweza kuivusha yako hapa katikati, nyumbani mnakula na kidogo unauza wakati wengine wanaangalia mawingu. Naandika kwa ajili ya mtu mwenye kipande kidogo, labda umekodi bondeni kule Luchelele au Igombe, labda unalima nyuma ya nyumba Buhongwa, huna pampu, una ndoo na keni, na saa mbili asubuhi unatakiwa uwe kazini.

Tuanze na maji maana hapo ndipo nguvu zote zinapoishia. Huku udongo mwingi ni luseni, mchanga mchanga, ukimwaga maji yanashuka chini moja kwa moja na yaliyobaki juu upepo wa mchana unayachukua. Mtu anachota ndoo nyingi alfajiri, saa sita mchana ukipita pale unakuta udongo mweupe kama hajamwagilia wiki nzima, alafu anaongeza ndoo kesho yake, anachoka, mwisho anaacha. Kabla hujaongeza ndoo, zuia kwanza yanayopotea.

Cha kwanza, kiangazi usipande juu ya tuta lililoinuka. Tuta ni la mvua. Sasa hivi chimba kijaruba, yani kitanda kilichoshuka chini kidogo, kina cha kiganja kimoja hivi, upana mita 1 ili ufike katikati kwa mkono ukiwa pembeni bila kukanyaga, urefu unavyotaka. Udongo uliotoa uweke pembeni kama ukingo. Maji ukimwaga yanakaa humo humo, hayakimbii, na ule ukingo unakinga miche midogo na upepo. Ndani changanya samadi ya ng'ombe, karibu debe moja kwa kila mita moja ya mraba, luseni inakula samadi sana na samadi ndiyo inayoshika maji. Lakini iwe imeiva. Ingiza mkono katikati ya lundo, ukisikia joto bado, iache. Iliyoiva ni ya baridi, inavunjika vidoleni, inanukia udongo na huwezi tena kutambua kwamba ilikua mavi ya ng'ombe. Ile mbichi inaunguza mizizi na inaleta sota wanaokata miche usiku.

Cha pili ni matandazo, na hapa naomba mnielewe kabisa kwa sababu ndio kitu chenye faida kubwa kuliko vyote alafu ni cha bure. Funika udongo. Nyasi kavu, majani ya migomba, maganda ya mpunga kutoka mashine ya kukoboa, chochote kikavu ambacho hakina mbegu za magugu, unene wa vidole vinne. Usikigusishe na shina, acha nafasi kidogo kuzunguka kila mche, maana mchwa wa kiangazi wana njaa na wakimaliza nyasi wanahamia kwenye mche. Ukiona wameanza, nyunyiza jivu pale.

Magugu maji yale yanayoletwa na upepo ufukweni nayo yanafaa, watu wa Igombe wanayaona kila siku wanayaruka tu. Ila yana utaratibu wake. Yavute kwa reki au kijiti chenye ndoano, usiingie majini kuyabeba kifuani, maana kwenye ile mizizi yake meusi meusi yenye manyoya ndiko konokono wanajishikiza. Kata mizizi ibaki kule kule nchi kavu, majani na vishina yaanike juani mbali na kipande chako mpaka yawe kama karatasi. Yatanywea sana, hilo gugu karibu lote ni maji, mzigo mkubwa unabaki kirundo kidogo, kwa hiyo vuta mengi kuliko unavyodhani. Usichukue yale yaliyoota kwenye mitaro ya mjini au karibu na mabomba ya maji taka.

Na nikishataja konokono lazima niseme kichocho, kwa sababu watu wanaolima ufukweni wanaumwa tumbo miaka na miaka wanadhani ni vidonda. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono vinaogelea majini na vinaingia kwenye ngozi, hata huhitaji kunywa hayo maji, kusimama tu unachota inatosha. Vinatoka kwa wingi jua likishapanda mpaka mchana. Kwa hiyo chota mapema kabla ya saa tatu, vaa gambuti ndefu, na kama una pipa jaza leo utumie keshokutwa, maji yakikaa siku mbili bila konokono ndani vile vijidudu vinakufa vyenyewe. Watoto wasitumwe ndoo ziwani mchana baada ya shule, hapo ndipo wanakaa wanacheza majini. Ukiona choo kina damu au tumbo linasumbua muda mrefu nenda kapime, dawa ipo na inatibu. Alafu angalia pia ulichosimama nacho jirani, maeneo mengine ufukweni viboko wanapanda usiku kula majani na asubuhi giza bado wanakua njiani kurudi, waulize wavuvi wa mwalo ulio karibu kabla hujajizoesha kwenda saa kumi na moja.

Sasa kiasi. Kwa jua la Agosti na Septemba kitanda cha mita 1 kwa 5 kinataka kama lita 25 kwa siku, yani ndoo moja na robo, na ukiwa na matandazo mazuri na mboga imeshika mizizi unaweza kumwagilia mengi kwa mpigo mmoja alafu ukaruka siku. Kumwagilia kidogo kidogo kila jioni kunafundisha mizizi ikae juu, siku ukisafiri tu kwisha. Usiangalie rangi ya juu ya udongo, sogeza matandazo uchomeke kidole mpaka kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu huko, acha ndoo, nenda kanywe chai. Majani yakilegea saa saba mchana sio lazima iwe kiu, sukuma wiki na maboga yanalegea kwa joto na jioni yanasimama yenyewe. Yakiwa yamelegea alfajiri, hapo ndio kiu ya kweli.

Na mboga za majani msizimwagilie maji ya mtaro unaopita katikati ya nyumba za watu. Najua yapo karibu. Mtu anaweza kula mboga hiyo ikiwa haijaiva vizuri akalala hospitali, na mara nyingi huyo mtu ni mtoto.

Nini kiwepo kitandani muda huu? Mchicha unavunwa wiki tatu mpaka nne toka upande, huo hauna hasara, ila panda kidogo kila wiki badala ya kitanda kizima siku moja, usije ukawa na mboga nyingi jumanne na huna kitu jumanne inayofuata. Mbegu zake ni ndogo sana, changanya na mchanga mkavu ndio unyunyize. Usiung'oe, kata ukiacha vidole vitatu na vifundo kadhaa chini, utachipua tena. Sukuma wiki chuma majani ya chini, acha matano ya juu yaendelee kufanya kazi. Mgagani na mnafu vinavumilia jua kuliko chainizi, yani kabichi ya kichina, na kama nyumbani kwenu mnapika mgagani na maziwa au karanga basi sina haja ya kuwashawishi. Bamia panda upande wa majabali. Yale mawe yetu yanashika joto mpaka usiku, chainizi na saladi zikikaa hapo zinatoa maua kabla hujala, ila bamia inafurahi.

Mchicha mmoja mmoja ulionenepa uache utoe mbegu, usiuchume kabisa, ufunge kitambaa kama alama ili mtu wa nyumbani asipitie. Utajua umeiva ukisugua lile shuke kiganjani: mbegu nyeusi zinazong'aa zinadondoka, ukipuliza taratibu makapi yanaruka zenyewe zinabaki. Zikiwa kahawia na zinashikilia, bado. Kausha kivulini, weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Hizo zimezaliwa kwenye joto la hapa hapa na hulipii dukani.

Wadudu wa kipindi hiki ni wa ukavu. Kwenye nyanya na bilinganya adui mkubwa ni utitiri mwekundu, watu wengi wanadhani ni ugonjwa kwa sababu hawamuoni. Jani linakua na vidoti vya njano kisha linakua kama limepauka na vumbi. Geuza jani, likung'ute juu ya karatasi nyeupe, ukiona nukta zinatembea ndio wenyewe, na wakizidi wanasuka utando kama wa buibui kwenye ncha za mche. Wanapenda vumbi na joto, hivyo asubuhi piga maji chini ya majani kwa nguvu kidogo, yang'oe yaliyoharibika sana uyachome, na mwagilia njia ya pembeni kama inatimua vumbi. Usikimbilie ile dawa ya kuua kila kinachotembea, inaua na wadudu wanaokula utitiri, baada ya wiki mbili unakua na utitiri zaidi ya mwanzo. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya, naye yupo mwaka mzima, huyu kashaingia nchini toka 2014, ukiona jani lina michirizi ya uwazi kama limechorwa na ndani kuna kifunza, chuma hilo jani leo leo na matunda yaliyotoboka, yafunge kwenye mfuko mweusi yaachwe juani, kuyatupa pembeni ya kipande ni kumfuga. Vidukari kwenye sukuma na kunde twanga kilo moja ya majani ya mwarobaini, loweka kwenye lita 5 usiku kucha, chuja, weka sabuni kidogo, pulizia jioni kwa sababu jua linaipunguzia nguvu. Na kama umetumia dawa ya duka soma kwenye kopo siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zihesabu kweli, hiyo mboga wanakula watu.

Mbuzi na kuku sitakaa sana. Kiangazi hakuna majani kwingine kwa hiyo watakuja tu. Nyavu chakavu za dagaa kutoka kwa wavuvi, nguzo kila baada ya hatua mbili, chini zikandamize kwa mawe, mawe kwetu hayajawahi kuwa shida. Ongea na wenye vipande vya jirani mzungushe uzio mmoja, pia mpangiane zamu ya kumwagilia mtu akisafiri. Jirani yangu, mama mmoja wa Kisukuma, tukionana "mwangaluka", anaangalia vitanda vyangu kabla ya vyake ananiambia "baba, kile cha mwisho kina kiu", na mimi namfanyia hivyo hivyo.

Sasa jambo ambalo lazima lianze ukiwa bado kwenye ukavu: marando ya viazi vitamu. Vuli ikinyesha kila mtu anatafuta marando na yote yamekufa porini. Kama una mmea wenye majani mazima, yasiyo na batobato wala yaliyokunjamana, kata vipande vya kama sentimita 30 upande vibanane kwenye kijaruba kilicho na unyevu na uvimwagilie kama mboga, maana ni mboga, matembele utachuma hapo hapo ila kwa kiasi. Kama huna marando, chukua viazi vidogo visivyo na tundu, vipange kwenye beseni ndani ya mchanga mkavu visigusane, weka ndani penye kivuli. Vikichipua, wiki sita mpaka nane kabla ya mvua vihamishie bustanini na umwagilie. Kwa hiyo anayesoma hii mwishoni mwa Agosti, ni wiki hii.

Kitalu cha nyanya, hoho na kabichi anza mwanzoni mwa Septemba, chini ya chandarua kuzuia inzi weupe na kantangaze, kivuli chepesi juu, miche iwe na wiki nne hivi mawingu yakianza. Mwisho wa Septemba vile vijaruba vinavyobaki wazi vianze kugeuzwa kuwa matuta, maana kilichokua kinakusaidia kushika maji kitakuozeshea mizizi. Wenye kipande chini ya jabali chimba mfereji wa kukatisha juu ya bustani mapema, mvua ya kwanza ikigonga mwamba haina pa kuzama, inashuka yote kwako na samadi yako inaenda ziwani. Kwa ajili hiyo hiyo usisogee hadi kwenye maji, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni ziachwe, na matete yakibaki pale yanachuja.

Mvua ya kwanza ikishuka usihamishe miche yote. Fukua kwanza, kama unyevu umefika kina cha kiganja panda nusu, nusu iache kitaluni wiki nyingine, kuna miaka inanyesha mara moja alafu inakata jua linarudi. Nyanya zile za kiangazi zilizobaki zifunge kwenye miti, ondoa majani ya chini yanayogusa udongo na punguza matandazo chini yake, unyevu ukikaa hapo ugonjwa wa baka unapanda ndani ya siku chache.