Samaki wa Kupaka na Wali wa Nazi: Somo la Chakula cha Usiku wa Leo

Wapendwa wanachama, jikoni kwangu usiku wa leo panapikwa samaki wa kupaka na wali wa nazi. Nimeamua kuliandika somo hili kwa urefu kwa sababu wengi wenu mmenieleza kwamba samaki huwatoka vizuri lakini tui huwashinda. Katika mlo huu macho humwona samaki, ila ladha yote imo ndani ya nazi. Nazi mbili zilizokomaa zinawatosha watu wanne, mradi mpishi ajue tui lipi liende wapi: la kwanza ni la samaki, la pili ni la wali.

Andaa samaki mmoja wa kilo moja, au wawili wa nusu kilo kila mmoja. Mimi hupendelea changu au tasi, kwa kuwa nyama yao ni imara na haivunjiki juu ya wavu. Pamoja naye weka nazi mbili, nyanya mbili zilizoiva, punje sita za kitunguu thomu, kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa kidole gumba, pilipili mbichi kadiri unavyoistahimili, ndimu mbili, nusu kijiko cha chai cha manjano, chumvi, na vikombe viwili vya mchele.

Hatua ya kwanza ni samaki. Mnunue akiwa na macho maangavu yaliyojaa na matamvua mekundu, na ukimbonyeza kwa kidole nyama irudi mahali pake. Mpare magamba, mtoe matumbo, mwoshe, kisha mchanje mara tatu kila upande hadi karibu na mwiba. Twanga thomu, tangawizi, pilipili na chumvi, kamulia ndimu moja, gawa nusu ya viungo hivyo uihifadhi kwa ajili ya mchuzi, na nusu nyingine umpake samaki hadi ndani ya michanjo. Saa moja inatosha. Akilala kwenye ndimu kwa muda mrefu zaidi, nyama hubadilika rangi na kuwa kavu kabla hata hajauona moto.

Hatua ya pili ndiyo roho ya somo hili. Vunja nazi na uonje kipande cha kila moja kabla ya kuzichanganya, maana nazi moja iliyochacha huharibu tui lote. Kuna kwa mbuzi taratibu, ukiachia pale unapofika kwenye ngozi ya kahawia, ili tui liwe jeupe. Mimina kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu juu ya nazi iliyokunwa, fikicha kwa mikono kwa dakika mbili au tatu, kisha kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Hili ndilo tui zito, ambalo baadhi ya wenyeji wa pwani huliita kasimile, nalo liweke kando. Rudisha machicha bakulini, ongeza vikombe vitatu vya maji, fikicha tena na ukamue. Hilo ni tui jepesi la wali. Asiye na mbuzi anaweza kukata nazi vipande vidogo na kuvisaga kwa blenda pamoja na maji yale yale. Mama yangu hakuruhusu matui haya mawili yachanganywe, na baada ya miaka mingi ya kupika naona alikuwa na haki kabisa, kwa sababu tui lililochanganywa huwa jepesi mno kwa kupaka.

Kuhusu wali sina maneno mengi. Chemsha tui jepesi na chumvi huku ukikoroga, tia mchele uliooshwa, na maji yakikaribia kukauka funika, punguza moto chini na upalie makaa juu ya kifuniko.

Hatua ya tatu ni mchuzi wa kupaka. Mimina tui zito kwenye sufuria pana pamoja na viungo vilivyobaki, nyanya zilizosagwa na manjano, ila bakisha vijiko vitatu vya tui hilo pembeni. Weka kwenye moto mdogo na ukoroge kwa upawa bila kuacha. Tui ni mafuta yaliyoshikamana na maji, na moto mkali huvunja mshikamano huo, mafuta yakaelea juu na chini yakabaki mabonge. Hapo ndipo tunaposema tui limekatika. Kwa hiyo usifunike sufuria, na usiondoke hata kama mgeni anabisha hodi. Mwombe mtu mwingine amfungulie. Baada ya robo saa hivi mchuzi utakuwa mzito wa kuganda mgongoni mwa upawa. Epua kwanza, ndipo ukamulie ndimu ya pili.

Hatua ya nne ni kuchoma. Subiri makaa yashike yote na yafunikwe na majivu meupe, paka wavu mafuta, na umchome samaki dakika nane hadi kumi kila upande. Usimgeuze kabla ngozi haijaachia wavu yenyewe. Akishaiva, mpake mchuzi pande zote, mrudishe motoni dakika mbili kila upande hadi tui lianze kupata madoa ya kahawia, kisha umpakue na kummwagia mchuzi uliobaki.

Maswali ya wanachama

Shikamoo shangazi. Niko Maskati na ninatumia tui la kopo. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Usilitikise kopo. Liache litulie kwenye friji, kisha chota sehemu nzito ya juu kwa ajili ya samaki, na ile nyepesi ya chini iongeze maji upikie wali.

Shangazi, sisi wa Mwanza tunapata sato na sangara. Je, wanafaa?

Sato anafaa akiwa mzima. Nyama yake ni laini, basi mgeuze mara moja tu. Minofu ya sangara hukatika kwenye wavu, hivyo ifunge kwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni.

Je, vibua au jodari wanafaa?

Wanafaa sana, lakini wawe wamekaa kwenye barafu tangu kuvuliwa. Samaki wa jamii hiyo wakiachwa kwenye joto hujenga sumu ambayo haiondoki hata ukiwapika, na mlaji huwashwa mwili, akawa mwekundu usoni na kuumwa kichwa.

Tui langu limeshakatika. Je, nilimwage?

Hapana, dada, halina madhara. Liepue, tia vile vijiko vitatu ulivyobakisha, na upige kwa nguvu kwa mchapo. Mara nyingi litarudi, ingawa halitakuwa laini kama mwanzo.

Ninaishi ghorofani na siruhusiwi kuwasha makaa.

Tumia oveni kwa nyuzi 200 kwa muda wa dakika 20 hivi, kisha mpake mchuzi na uwashe moto wa juu kwa dakika chache. Harufu ya moshi hutaipata, lakini tui litashika vizuri.

Je, kilichobaki kinaweza kuliwa kesho?

Kinaweza, ikiwa utakiweka kwenye friji kabla ya kupita muda wa saa mbili, wali pamoja na samaki, kwa sababu chakula cha nazi huchacha upesi. Kesho ongeza maji kidogo kwenye mchuzi na uupashe kwa moto mdogo hadi uwe wa moto kote, ukikoroga kama ulivyofanya leo.