Dawa ya kifafa ikipunguzwa kwa muda ili kupima ubongo: namna ya kujiandaa

Kwa EEG ya kawaida (kipimo cha mawimbi ya umeme ya ubongo), ile ya dakika 20 hadi 30, usiache dawa. Meza dozi yako ya asubuhi. Wapo wanaoiacha wenyewe wakidhani "itaficha" ugonjwa, nao huweza kuanguka njiani kabla ya kufika hospitali.

Dawa hupunguzwa makusudi mgonjwa akiwa amelazwa, kwenye EEG yenye video, ili kifafa kinaswe na ijulikane kinaanzia wapi kwenye ubongo, hasa kama upasuaji unafikiriwa.

Mawimbi hubadilika kulingana na dawa. Mtu mzima aliyefumba macho bila kulala huwa na mawimbi 8 hadi 13 kwa sekunde nyuma ya kichwa. Kabamazepini na fenitoini huweza kuyapunguza kasi; zikitoka mwilini, kasi hupanda tena. Fenobabito na diazepamu huzidisha mawimbi ya haraka, zaidi ya 13, ambayo hufifia dawa ikiisha. Valproeti hutuliza miiba (mawimbi yenye ncha kali kwenye mchoro wa EEG) ya kifafa cha ubongo mzima, na ikiachwa miiba huweza kurudi. Lakini kwenye kifafa cha sehemu moja, dozi kushuka peke yake si lazima kuongeze miiba; mara nyingi huongezeka baada ya mgonjwa kupata kifafa. Ndiyo maana saa ya dozi ya mwisho na saa ya kila kifafa lazima ziandikwe. Zisipoandikwa, msomaji wa kipimo hubaki kubahatisha.

Kasi ya kupunguza ina uzito wake. Fenobabito huchukua siku 3 hadi 4 hivi nusu yake kutoka mwilini, na ikikatwa ghafla huweza kuleta kifafa kisichokoma. Tena kifafa cha kukatiwa dawa huweza kusambaa haraka pande zote mbili za ubongo hadi chanzo kisionekane, na kazi yote ikapotea.

Fumua nywele, zioshe, usipake mafuta: mafuta huzuia vipokezi vya EEG vinavyobandikwa kichwani kushika ngozi. Beba pakiti za dawa zote. Njoo na ndugu anayekijua kifafa chako. Kikianza, abonyeze kengele, aondoe shuka, asisimame mbele ya kamera, akuite jina na kukuambia uinue mkono. Majibu yako husaidia kujua sehemu ya ubongo iliyoguswa.

Kabla dozi ya kwanza haijapunguzwa, hakikisha kingo za kitanda zimeinuliwa, mpira wa sindano uko mshipani, oksijeni na sindano ya kuzima kifafa ziko karibu. Degedege la mwili mzima likifika dakika 5, halisubiriwi tena.

Usiruhusiwe kwenda nyumbani bila maandishi ya kurudia dozi. Lamotrijini iliyoachwa siku kadhaa hairudishwi yote kwa mkupuo, kwa sababu huweza kuleta upele wa hatari. Huanzwa upya kidogokidogo, na daktari ndiye anayepanga.