Kuvunja mkataba wa nyumba mapema kwa sababu ya usalama: hatua za kufuata Mombasa

Nasimamia nyumba za kupangisha upande wa Kisauni na Nyali. Kila vijana wa mapanga wanapoanza tena vurugu zao, simu huwa ni ile ile: "Nataka kuhama wiki hii, dipoziti yangu nitaipataje?"

Jibu langu huwaudhi wengi. Mtaa kuharibika, peke yake, si kosa la mwenye nyumba. Alikukodisha nyumba, hakukuahidi kwamba mtaa wa Mtopanga utakuwa na amani. Ukimwendea kwa hoja ya "mtaa wako ni mbaya" utatoka mikono mitupu. Kuna njia nyingine.

Kama maisha yako yamo hatarini leo, toka leo, ukalale kwa ndugu. Yanayofuata hapa ni ya kuokoa pesa.

Hatua ya 1: Soma mkataba

Tafuta sentensi ya notisi. Mikataba mingi ya hapa husema mwezi mmoja kwa kila upande. Ukiikuta, huna haja hata ya kutaja usalama: toa notisi, lipa mwezi wako, hama. Ugumu uko kwenye mkataba wa mwaka mzima usio na mlango wa kutokea, kwa sababu hapo mwenye nyumba anaweza kukudai kodi ya miezi iliyobaki. Ukiwa na mkataba wa aina hiyo, hatua ya 4 ndiyo yako.

Huna mkataba? Wapangaji wengi wa nyumba za Kiswahili hawana karatasi yoyote zaidi ya ujumbe wa M-Pesa, na katika jambo hili hiyo ni nafuu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 huuhesabu upangaji kama huo kuwa wa mwezi kwa mwezi. Notisi isipungue mwezi, na iishie siku ya kulipa kodi. Hapo pa mwisho ndipo watu hujikwaa. Ikiwa kodi yako ni ya tarehe 5, notisi ya Mei 20 haikutoi Juni 20, inakutoa Julai 5. Ungeitoa Mei 4, Juni 5 ungekuwa huru.

Hatua ya 2: Tenganisha mtaa na jengo

Hapa ndipo kesi nyingi hushinda au hufa. Vijana wa barabarani si wa mwenye nyumba. Lango, taa za ngazi, grili za madirisha na ukuta ulioanguka ni vyake. Kifungu cha 65 cha sheria hiyo hiyo kinamtaka aiweke nyumba ya kuishi katika hali ya kufaa kukaliwa na binadamu muda wote wa upangaji. Na kama unalipa ada ya ulinzi kila mwezi halafu soja wa usiku aliondolewa kimyakimya, hilo ni deni lake kwako.

Kwa hivyo zunguka jengo jioni, piga picha, kisha mwandikie ujumbe wenye tarehe: lango halifungi, taa za ngazi ya pili zimekufa, naomba zirekebishwe ndani ya siku 14. Kulalamika kwa simu hakuachi alama. Nikuambie ukweli lakini: lango bovu peke yake halivunji mkataba. Linampunguzia mwenye nyumba kiburi mnapokaa kuzungumza.

Hatua ya 3: Ripoti polisi, chukua namba ya OB

Umeporwa simu kichochoroni, mlango umejaribiwa usiku: ripoti kila tukio kituo cha karibu na uandike namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Kuripoti hakulipiwi. Ukiumizwa, omba na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandikia majeraha. Ongeza barua ya chifu au ya mzee wa Nyumba Kumi, ule mpango wa usalama wa majirani. Barua hiyo haimfungi mtu mahakamani, ila wenye nyumba wa hapa, wengi wao wazee, huiheshimu kuliko barua ya wakili.

Hatua ya 4: Nenda ukazungumze

Usianze na notisi. Nenda mchana, na mtu mzima mmoja wa kwenu. "Shikamoo Mama. Nyumba yako sina neno nayo. Lakini mke wangu hutoka kazini saa tatu usiku, na njia ile siimudu tena. Nimekuja tuelewane." Neno "mahakama" libaki nyumbani.

Kisha mpe kitu. Mletee mpangaji wa kuchukua nafasi yako, au mwachie dipoziti ya mwezi mmoja mmalizane. Mimi hupendelea la kwanza, na si gumu kama linavyosikika: mtu aliyezaliwa mtaa ule haogopi unachokiogopa wewe, kwa sababu anawajua vijana wale na mama zao. Mwambie ukweli wa mahali, lakini. Na usimwingize kabla mwenye nyumba hajamkubali kwa maandishi.

Hatua ya 5: Andika

Mkishakubaliana, weka kwenye karatasi, nakala mbili, sahihi zote mbili:

*"Mimi, mpangaji wa nyumba namba …, narudisha nyumba tarehe …. Mwenye nyumba amekubali upangaji uishe siku hiyo, wala hatanidai kodi ya baada ya hapo. Dipoziti ya shilingi … itarudishwa kufikia tarehe …, ikitolewa gharama za uharibifu zilizoorodheshwa hapa chini."*

Sentensi ya pili ndiyo muhimu. Bila hiyo, umehama tu, na mkataba bado unahesabu.

Hatua ya 6: Usiache kulipa kodi

"Nitakaa mpaka dipoziti iishe" ni ushauri wa barazani. Ukiwa na malimbikizo, Sheria ya Ukamataji Mali kwa Kodi, Sura ya 293, inamruhusu mwenye nyumba kutuma dalali mwenye leseni achukue vyombo vyako. Umempa fimbo mwenyewe.

Hatua ya 7: Kukabidhi

Hama mchana, na barua ya kumwonyesha soja langoni. Anayehama usiku huonekana anakimbia deni. Piga picha kila chumba kikiwa kitupu, soma mita ya maji mkiwa wawili, na ufunguo upokewe kwa sahihi.

Dipoziti ikikwama

Mwandikie barua ya madai yenye tarehe ya mwisho. Ikipita, nenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, kesi inatakiwa kuisha ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Beba mkataba, jumbe za M-Pesa, picha na ile karatasi ya hatua ya 5.

Na kwenye nyumba mpya, kabla ya kulipa chochote, omba sentensi hii iingizwe: "Mpangaji anaweza kumaliza mkataba wakati wowote kwa notisi ya mwezi mmoja." Mwenye nyumba akikataa, waulize vijana wa bodaboda wa steji ya karibu wapangaji wa pale huhama baada ya muda gani.