Mwaka wa kujifunza wa mkufunzi wa ugani chuoni: hatua kwa hatua, kwa kufuata mvua

Mwongozo huu ni wa wenzangu tunaofanya ugani, yaani kuwapelekea wakulima elimu ya kilimo, tukiwa vyuoni: mhadhiri mwenye mradi vijijini, mkufunzi anayepeleka wanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo, mtafiti anayeitwa kila msimu kuwanoa maafisa ugani wa kata. Mifano yangu ni ya Morogoro, kuanzia tambarare za Mvomero hadi milima ya Uluguru. Ukiwa Njoro kule Kenya au Kabanyolo kule Uganda utabadilisha mazao na miezi, njia itabaki ileile.

Nieleze msimamo wangu mapema. Kwetu mafunzo ya kazini yamezoeleka kuwa semina: siku tatu ukumbini, bango kitita, cheti, posho, kila mtu anarudi kwake. Semina zina kazi yake. Lakini baada ya semina nyingi hakuna anayekwenda kumtazama mkufunzi akifundisha, wala anayefika shambani kuona mkulima amefanya nini. Kwangu mimi hayo mawili ndiyo yanayomkuza mkufunzi wa ugani, na hatua nyingine zote humu ni za kuyaandalia njia.

Hatua ya 1: Kusanya maswali kabla ya kutafuta kozi

Tafuta daftari dogo linaloingia mfukoni. Kwa mwezi mmoja wa msimu, andika kila swali unaloulizwa na mkulima, bwana shamba wa kata au mwanafunzi wa vitendo, kwa maneno yake mwenyewe, na jinsi ulivyolijibu. Jioni weka alama pembeni: nalijua na nina hakika; nililijua zamani; silijui.

Kundi la pili ndilo la hatari. Asiyejua huuliza, lakini aliyejua zamani hujibu kwa kujiamini. Chukua viwavijeshi vamizi. Viliripotiwa barani Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 vilikuwa vimeshaingia kwenye mahindi ya Tanzania. Aliyemaliza shahada kabla ya hapo alifundishwa kiwavijeshi wa Afrika, yule anayetembea makundi kwa makundi. Huyu mgeni hujichimbia ndani ya moyo wa mhindi, huacha kinyesi kinachofanana na unga wa mbao, na akishakuwa mkubwa humo ndani dawa haimfikii vizuri. Kwa hiyo ukaguzi wa shamba unaanza mahindi yakiwa bado machanga, na mkufunzi lazima aweze kumwonyesha mkulima alama zake: mistari inayofanya Y iliyopinduka kichwani, na madoa manne meusi yaliyokaa mraba karibu na mkia. Ukiwa na majibu ya mwaka 2010, mkulima atanunua dawa kwa kuchelewa na fedha yake itapotea.

Sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, ni mfano mwingine. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na masomo yetu mengi yalikuwa yanaishia kwenye mavuno. Sasa wakulima wanauliza: nitajuaje kama mahindi yangu yamekauka? Wengi wetu tunalo jibu la chupa na chumvi. Weka punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado mabichi. Tusichokisema mara nyingi ni mpaka wa kipimo hicho. Chumvi hushika unyevu unapozidi takriban asilimia 15, na kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya kuhifadhi na kuuza ni asilimia 13.5. Chumvi isiposhika, mahindi bado yanaweza kuhitaji jua zaidi. Swali kama hilo liwekee alama ya "nililijua zamani" hata kama ulilijibu bila kusita.

Hatua ya 2: Chagua mambo mawili tu

Kutoka kwenye daftari chukua jambo moja la kiufundi na jambo moja la kufundisha. Mawili kwa msimu mzima yanatosha. Nimeona mipango yenye malengo kumi na mawili, imechapwa vizuri na kupigwa muhuri, na mwisho wa mwaka hakuna hata lengo moja mwenye mpango anaweza kulionyesha kwa vitendo.

La kiufundi linatoka moja kwa moja kwenye maswali. La kufundisha ni gumu zaidi kuliona, kwa sababu hakuna mkulima atakayekuambia kwamba unaongea sana. Baadhi ya yanayowafaa wengi: kuuliza swali na kuvumilia kimya mpaka mtu ajibu, kuwapa nafasi kina mama waliokaa nyuma, kuendesha uchambuzi wa shamba darasa bila kuwatangulia wakulima kwenye jibu. Shamba darasa lilianzia Indonesia mwaka 1989, kwenye mpunga, na moyo wake ni wakulima wenyewe kuingia shambani, kuhesabu wadudu waharibifu na wadudu marafiki, kuchora walichokiona, kisha kuamua. Mkufunzi akitoa uamuzi kabla mchoro haujakamilika, somo limegeuka mhadhara wa chini ya mwembe.

Liandike lengo lako kwa namna ambayo mwenzako anaweza kulitazama kwa macho. "Kuboresha mawasiliano" halitazamiki. "Nusu ya wanaochangia kwenye kipindi changu wawe wanawake" linatazamika.

Hatua ya 3: Funga mpango kwenye kalenda ya mvua

Kalenda ya chuo ina mihula, ya mkulima ina mvua. Morogoro tuna vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Dodoma na mikoa mingi ya kusini wana msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba hadi Aprili. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla mvua hazijaanza. Siku utabiri huo unapotoka, keti na bwana shamba wa kata mnayofanyia kazi mpange tarehe: wiki ya kupanda, wiki ya palizi ya kwanza, wiki ya mbolea ya kukuzia, mavuno. Kisha tazama ratiba yako ya vipindi uone zinagongana wapi.

Zitagongana. Omba mabadiliko ya ratiba mapema, ukiwa na karatasi yenye tarehe za shamba mkononi. Mkuu wa idara huelewa haraka zaidi akiona kwamba palizi haisubiri mtihani.

Hatua ya 4: Jifunze kwa anayefanya

Kwa jambo la kiufundi, nenda kwa mtu anayelifanya kila siku. Vituo vya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, vina watafiti wa kila zao kuu. TOSCI, wanaothibitisha ubora wa mbegu, makao yao yapo hapahapa Morogoro. Kama kuna kliniki ya mimea sokoni, kaa siku nzima nyuma ya meza, utazame wanavyomhoji mkulima kabla ya kugusa jani alilolileta. Kwa kusoma nyumbani, GFRAS, jukwaa la kimataifa la huduma za ugani, wana moduli za bure za kuwanoa wataalamu wa ugani, na Access Agriculture wana video za wakulima, nyingine kwa Kiswahili.

Lakini ingia matopeni. Kilimo shadidi cha mpunga kinafundishika kwa maneno machache: miche ya siku 8 hadi 12, mche mmoja kwa shimo, sentimita 25 kwa 25, maji yanaingizwa na kuachwa yakauke kwa zamu. Mkufunzi aliyeishia kwenye maneno hayo hajui mche mdogo hivyo unavyoshikwa usikatike mizizi, wala jinsi kamba ya vipimo inavyosumbua jaruba lisiposawazishwa vizuri. Wakulima wa skimu ya umwagiliaji ya Mkindo, Mvomero, wanaweza kukufundisha hayo yote kwa asubuhi moja. Vaa buti, omba kupanda mistari miwili, na uwaambie wazi kwamba leo wao ndio walimu. Heshima utakayoipata siku hiyo ni kubwa kuliko ya kitambulisho cha chuo.

Hatua ya 5: Omba kutazamwa ukifundisha

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi tunapokwepa.

Tafuta mwenza mmoja. Anaweza kuwa mhadhiri mwenzako, na mimi napenda zaidi akiwa bwana shamba au bibi shamba wa kata, kwa sababu anawajua wakulima kwa majina na ataona usichokiona. Ugumu uko kwenye ngazi za heshima. Afisa wa kata mwenye stashahada hawezi kuanza yeye kumwambia daktari wa falsafa kwamba kipindi hakikueleweka. Kwa hiyo anayeanza ni wewe mwenye cheo. Mwambie: "Bwana Shamba, naomba Jumatano uje unitazame. Nataka ujue ninavyouliza maswali, kina mama wananijibu au hawanijibu. Nitakuuliza tukimaliza." Ukishaomba hivyo, umempa ruhusa ambayo asingeichukua mwenyewe. Na mkufunzi kijana anayetaka kutazamwa na mkubwa wake aseme tu: "Dokta, naomba macho yako kwa saa moja."

Kabla ya kipindi, kubalianeni jambo moja la kutazama, lilelile ulilolichagua kwenye hatua ya pili. Mtazamaji akitazama kila kitu atarudi na sifa za jumla.

Kipindi kinapoanza, waeleze wakulima: "Mwenzangu amekuja kunitazama mimi, si ninyi." Bila maneno hayo watadhani ni mkaguzi wa mradi, na watakaa kimya au watasema yale wanayodhani yanatakiwa.

Mtazamaji akae nyuma, pembeni, na karatasi moja. Achore jinsi watu walivyokaa, duara dogo kwa kila mtu, alama tofauti kwa wanaume na wanawake. Kila mtu anapoongea, aweke kijistari kwenye duara lake. Aandike saa mkufunzi anapoanza kuongea na anapomaliza. Kila swali linapoulizwa, ahesabu kimoyomoyo muda unaopita kabla mkufunzi hajajijibu mwenyewe. Mchoro huo una nguvu ya ajabu. Mkufunzi anayeamini kwamba kipindi chake ni cha majadiliano akiona vijistari vyote vimerundikana kwa wazee watatu wa mbele, hakuna haja ya kumhubiria.

Mrejesho utolewe siku ileile, watu wakishatawanyika, mkiwa wawili tu. Mkufunzi aanze: nini kilikwenda nilivyotaka, nini hapana. Kisha mtazamaji asome alichokiandika, bila kutia hukumu. "Uliuliza maswali tisa, saba ulijijibu mwenyewe" ni mrejesho unaoweza kufanyiwa kazi. "Ulijitahidi" hauna msaada. Malizeni kwa kukubaliana badiliko moja la kipindi kijacho, na kijacho kisicheleweshwe kupita wiki mbili. Halafu mbadilishane: yeye afundishe, wewe ushike karatasi.

Yote haya hayahitaji bajeti. Kama idara ina fedha kidogo, iende kwenye mafuta ya pikipiki.

Hatua ya 6: Rudi shambani, mwambie mkulima akuonyeshe

Claude Bennett, aliyefanya kazi kwenye ugani wa Marekani, alipanga ngazi za matokeo katika miaka ya 1970: kuanzia rasilimali na shughuli, mahudhurio, maoni ya washiriki, kisha ujuzi na mtazamo, kisha wanachofanya shambani, na juu kabisa hali ya maisha yao. Ripoti zetu nyingi zinaishia kwenye mahudhurio na maoni. Ukitaka kujua ulifundisha nini, panda mpaka ngazi ya wanachofanya.

Wiki tatu au nne baada ya kipindi, chukua daftari la mahudhurio, chagua majina kumi kwa kuruka, usiwachague wasemaji. Nenda nao shambani kwao. Usiulize "Mlielewa?" Kwa adabu ya kwetu mkulima hatamwambia mgeni kwamba hakuelewa. Sema "Nionyeshe ulipopanda," kisha toa kamba upime mkiwa wote. Kama mlifundisha mahindi sentimita 75 kwa 30 na hapa ni 90 kwa 60, uliza kwa upole sababu. Utasikia mambo ambayo hayakuwa kwenye somo lako: shamba ni la kukodi kwa msimu mmoja, jembe la ng'ombe lina upana wake, mama ndiye anayepanda lakini aliyehudhuria ni baba.

Seaman Knapp, mmoja wa waasisi wa ugani wa Marekani, aliliona hilo, kwamba mkulima ana sababu zake, huko Terrell, Texas, mwaka 1903. Shamba la mfano lililovuta watu lilikuwa la mkulima mwenyewe, Walter Porter, akilima kwa mikono yake, na wafanyabiashara wa mji wakiwa wameweka fedha za kufidia hasara kama ingetokea. Hofu ya hasara ilishughulikiwa kabla ya mbegu. Ukirudi shambani, sikiliza hofu hiyo iko wapi kwa wakulima wako, na uiandike kwenye daftari la hatua ya kwanza, maana ndiyo itakayozaa mada ya msimu ujao.

Hatua ya 7: Kikao cha mwisho wa msimu

Kifanyike Juni, kabla maandalizi ya Nane Nane hayajawachukua watu wote. Saa mbili zinatosha, na mabwana shamba wa kata waalikwe kama wajumbe kamili. Kila jozi ya waliotazamana ilete vitu vitatu: daftari la maswali, michoro miwili ya vipindi, wa kwanza na wa mwisho, na matokeo ya mashamba kumi. Karatasi hizo hizo ndizo utakazotumia kujaza taarifa za utendaji na maombi ya kupandishwa cheo, kwa hiyo zitunze kwenye faili moja, zikiwa na tarehe.

Mkimaliza kusikilizana, badilisheni jozi na kila mtu ataje mambo yake mawili ya vuli. Katibu aandike majina ya jozi mpya na tarehe ya kwanza ya kutazamana, kisha ampelekee mkuu wa idara nakala kesho yake asubuhi, ratiba ya muhula mpya ikiwa bado haijapangwa.