Moshi wa jikoni na gesi isiyoonekana: namna ya kupika bila kuwadhuru walio ndani

Mkaa ukishakolea hautoi moshi, na hapo ndipo watu wengi huuingiza chumbani. Usifanye hivyo kamwe. Makaa mekundu, hata yakionekana safi, huendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikifika kwenye damu hujishika kwenye hemoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu huendelea kupumua kama kawaida huku ubongo na moyo vikikosa oksijeni, na aliyelala huenda asiamke.

Juni na Julai, baridi inapobana Makete, Njombe au Limuru, vishawishi vya kulala na jiko ni vikubwa. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutosha. Chemsha maji, yatie kwenye mfuko wa mpira wa maji ya moto, uuzungushie kitambaa na uuweke miguuni. Jiko libaki nje. Makaa yaliyofukiwa kwenye majivu nayo hutoa gesi kwa saa nyingi, kwa hiyo yatie kwenye debe la bati lenye mfuniko, nje ya nyumba.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu na usingizi usio wa kawaida. Watu huidhania malaria au chakula kibovu. Kinachoitofautisha ni kwamba waliomo ndani huugua pamoja, tena hupata nafuu wakitoka nje. Watoe wote kwenye hewa safi kwanza, kisha waende hospitali hata kama wamepata nafuu, hasa mama mjamzito. Mwambieni mganga waziwazi kwamba kulikuwa na jiko la mkaa, kwa sababu kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hakitofautishi gesi hii na oksijeni: kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliye hatarini.

Kuwasha jiko

Washa nje, upande ambao upepo hauurudishi moshi mlangoni. Kwanza kung'uta majivu yote. Yakiziba wavu au mlango wa chini, hewa haipandi na mkaa huungua nusunusu, na hapo gesi ya sumu huongezeka. Tumia karatasi, vijiti vikavu au makumbi ya nazi. Vipande vya mti ambavyo havikuiva tanurini vitoe, maana ndivyo vinavyofuka. Subiri moshi uishe na makaa ya juu yapate majivu meupe ndipo ubandike sufuria, na hata hapo pikia barazani au kwenye chumba cha jikoni kilicho wazi pande mbili.

Usiwashie mfuko wa plastiki, ndoo iliyovunjika wala mpira wa tairi. Moshi wake hubeba sumu nyingi, zikiwemo dioksini, ambazo hukaa kwenye udongo miaka mingi. Kuku wa kienyeji akiparua hapo anazila, nazo huishia kwenye yai.

Kwa wanaotumia kuni

Hapa adui mkubwa ni vumbi laini, yaani chembe zisizozidi mikromita 2.5 kwa upana, wakati unywele una kama 70. Hupita pua na koo zikafika ndani kabisa ya mapafu, nyingine zikaingia kwenye damu. Ndizo zinazochangia nimonia kwa watoto wadogo, na kwa watu wazima ugonjwa sugu wa mapafu, shinikizo la damu, kiharusi na saratani ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Jiko la mafiga ndani ya chumba kilichofungwa hufikisha mamia. Kujifunika pua kwa khanga hakuzuii chembe hizi.

Pasua kuni ziwe na unene wa sentimita 5 hivi, zipange chini ya paa huku pande zikipitisha hewa, uziache miezi mitatu hadi sita. Kuni kavu hupasuka nchani na ukizigonganisha hulia kwa sauti kali. Mbichi hutumia moto wake kukausha maji, kwa hiyo mvuke wa mti hautafikia joto la kuungua, unatoka kama moshi. Ingiza vipande viwili vitatu kwa ncha, usijaze. Funika sufuria, na loweka maharage usiku kucha ili yaive upesi.

Kama kuna dohani, kichwa chake kipite juu ya kilele cha paa, vinginevyo upepo huusukuma moshi urudi. Ondoa masizi mara kwa mara, kwani yakiziba dohani, jiko hufuka ndani. Bomba la bati lisiguse makuti wala nyasi. Bila dohani, toboa tundu juu karibu na paa na jingine chini upande wa pili.

Ukihamia gesi

Vumbi hupungua sana, lakini mwali bado hutoa naitrojeni dioksaidi inayowasumbua wenye pumu, hivyo fungua dirisha. Mwali uwe wa bluu. Wa njano maana yake gesi haiungui vizuri, mara nyingi kwa sababu matundu ya jiko yamezibwa na chakula. Zima, liache lipoe, uyazibue kwa pini. Mtungi usimame wima, na viungo vya mpira vipake povu la sabuni: mapovu yakitokeza, gesi inavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni. Ukisikia harufu yake usiguse swichi ya taa wala kiberiti. Funga mtungi, fungua milango, toka nje.