Jinsi ya kulinganisha matoleo matatu ya Heliar ya milimita 15

Ukitafuta maoni kuhusu Voigtländer Super Wide-Heliar 15mm f/4.5, utakuta mtu anasema toleo la kwanza halifai kabisa kwenye kona, na mwingine anaapa kwamba hajawahi kushika lenzi pana safi kama hiyo. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli: mmoja anapiga kwa sensa, mwingine kwa filamu. Mara nyingine kinacholinganishwa si matoleo hata kidogo, bali ni nakala iliyowahi kuanguka na nakala nzima, au adapta mbili zisizolingana unene. Kwa hiyo usianze na swali la lenzi ipi ni kali zaidi. Anza na swali la lenzi hii itamulika nini, filamu au sensa, na sensa ya aina gani.

Utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoutumia kwa lenzi yoyote ya pembe pana ya kamera za renjifainda, yaani kamera zenye kifaa cha kupimia umbali ndani ya kitazamio, kama Leica M. Nimechagua Heliar hii kuwa mfano kwa sababu matoleo yake yanaonyesha tatizo lote kwa uwazi.

Hatua ya 1: Jua kilichobadilika na kisichobadilika

Lenzi hizi hutengenezwa Japani na Cosina, kampuni inayotumia jina la kale la Voigtländer. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1999 pamoja na Bessa-L, kamera isiyo na renjifainda wala kitazamio cha ndani. Ndiyo maana lenzi yenyewe haikuunganishwa na renjifainda: unakadiria umbali, unausoma kwenye pete, unapiga. Ina vipande 8 vya kioo katika makundi 6, inafungwa kwa skrubu ya milimita 39, inakaribia hadi mita 0.3, na uzito wake ni kama gramu 105. Kikinga jua kimejengewa mbele, na hakuna uzi wa kufungia filta.

Toleo la pili, la mwaka 2009, lina vioo vilevile, 8 kwa 6. Kilichobadilika ni mwili: kifungio cha M (kile cha kamera za Leica M), muunganisho na renjifainda, uzi wa filta wa milimita 52, uzito wa gramu 156. Umbali wa karibu ukawa mita 0.5. Shika jambo hili vizuri, kwa sababu litakusaidia baadaye: ukiona toleo la kwanza na la pili zinatofautiana sana kwa ukali, unachokiona si ubunifu wa vioo.

Toleo la tatu, lililoingia sokoni 2015, ni lenzi nyingine kabisa yenye jina lilelile. Vipande 11 katika makundi 9, filta ya milimita 58, gramu 247. Lilibuniwa kwa kuzingatia sensa za kidijitali, na baadaye likatolewa pia kwa kifungio cha Sony E likiwa limerekebishwa kwa sensa za kamera hizo.

Hatua ya 2: Kagua nakala kabla ya kukagua toleo

Mulika tochi kwa nyuma ya lenzi, tundu la kupitishia mwanga likiwa wazi kabisa (f/4.5; namba ikikua, tundu linafungwa), na utazame kwa mshazari. Ukungu mwembamba ndani ya vioo hupunguza utofauti wa mwanga na giza kwenye picha nzima, na mtu akiuona kwenye skrini husema "toleo hili lina rangi laini". Si toleo, ni uchafu.

Kisha pima kama vioo vimekaa katikati. Tafuta kitu cha mbali chenye michoro midogo: mnara, paa lenye vigae, matawi makavu. Kiweke kwenye kona ya juu kushoto, piga kwa f/4.5. Geuza kamera bila kugusa fokasi, kitu kilekile kiende kona ya pili, ya tatu, ya nne. Zilinganishe kona nne za lenzi moja. Tatu zikiwa sawa na moja ikawa imepakaa, nakala hiyo ina kasoro na haifai kuwakilisha toleo lake. Mimi huitoa kwenye ulinganisho papo hapo, hata kama ndiyo pekee niliyonayo ya toleo hilo. Ni bora kukosa jibu kuliko kuwa na jibu la uongo.

Hatua ya 3: Pima adapta

Hatua hii inahusu hasa toleo la kwanza, ambalo huhitaji adapta ili lifungwe kwenye kamera ya M, lakini ndiyo inayoharibu majaribio mengi kuliko zote, na karibu hakuna anayeitaja.

Kwenye mfumo wa skrubu, uso wa kifungio uko milimita 28.8 kutoka kwenye filamu. Kwenye mfumo wa M ni milimita 27.8. Kwa hiyo adapta inapaswa kuwa na unene wa milimita 1 kamili. Sasa tazama kinachotokea ikizidi kidogo tu. Kwa lenzi ya milimita 15, umbali inakohamia fokasi ni mraba wa 15, yaani 225, kugawanywa kwa kosa lenyewe kwa milimita. Adapta ikizidi kwa milimita 0.05, ambayo ni nyembamba kuliko unywele mwingi wa kichwa, lenzi uliyoiweka kwenye infiniti (alama ya mbali kabisa) itakuwa imefokasi mita 4.5. Milima ya mbali italegea kidogo, nawe utaandika kwamba toleo la kwanza si kali kwa mbali.

Ukiwa na maikromita, pima unene sehemu tatu au nne za mzunguko, maana adapta iliyopinda upande mmoja huiga kasoro ya vioo. Kama huna, piga kitu cha mbali mara kadhaa ukisogeza pete kidogo kidogo, uone mahali ukali unapofikia kilele. Andika alama hiyo pembeni. Hiyo ndiyo infiniti yako halisi, bila kujali kilichochongwa kwenye lenzi.

Hatua ya 4: Panga mandhari mbili

Usipige ukuta peke yake. Lenzi hii ikiwa mita 1 kutoka ukutani inaona eneo la mita 2.4 kwa 1.6, kwa hiyo ukuta wa kawaida unakulazimisha usogee karibu, na hapo unapima tabia ya lenzi kwa karibu tu. Mandhari yangu ya kwanza ni ya mbali, yenye maelezo hadi kwenye kona zote. Mandhari ya pili ndiyo ukuta, na huo nautumia kutazama kupinda kwa mistari na kupinda kwa uso wa fokasi, yaani eneo lililo kali lisipokuwa bapa.

Kwa ukuta, kamera lazima iwe sambamba nao kabisa. Bandika kioo kidogo cha kujitazama ukutani, mahali panapoangukia katikati ya fremu. Tazama kwenye skrini ya kamera na sogeza tripodi mpaka lenzi ijione yenyewe katikati kabisa ya fremu. Hakuna pimamaji inayoshinda njia hii.

Hatua ya 5: Zima msaada wote wa kamera

Zima utambuzi wa lenzi, marekebisho ya giza la kona, na wasifu wowote ambao programu ya kompyuta huuweka yenyewe ukifungua faili. Piga RAW (faili ghafi la sensa), mwanga upangwe kwa mkono, mizani ya weupe imefungwa, ISO ya chini. Kwa kila lenzi piga f/4.5, f/5.6, f/8 na f/11. Zaidi ya hapo mtawanyiko wa mwanga unaopita kwenye tundu dogo huanza kuzilainisha lenzi zote kwa pamoja na kuzifanya zifanane.

Fokasi kwa kukuza picha kwenye skrini, hata kwa matoleo yaliyounganishwa na renjifainda. Vinginevyo utakuwa unapima usahihi wa renjifainda yako. Baada ya kufokasi katikati na kupiga, fokasi tena ukitazama kona na upige picha ya pili. Kama kona inakuwa kali fokasi inapohama, uso wa fokasi umepinda. Kama haiwi kali popote, tatizo ni lingine, na nitalieleza hivi punde.

Mpangilio wa kupiga uwe hivi: toleo la kwanza, la pili, la tatu, kisha la kwanza tena. Marudio hayo ya mwisho ndiyo rula yako. Tofauti yoyote utakayoiona kati ya seti mbili za lenzi ileile imeletwa na upepo, joto la hewa, mwanga uliobadilika, au mkono wako. Tofauti ndogo kuliko hiyo kati ya matoleo usiihesabu.

Hatua ya 6: Piga fremu nyeupe

Hapa ndipo matoleo haya yanapoachana kweli, basi ipe muda.

Chukua kipande cha plastiki nyeupe inayopitisha mwanga bila kuonyesha kilicho nyuma, kishikilie kikigusa mbele ya lenzi, elekeza kwenye anga lenye mwanga ulio sawa, kisha piga. Fungua faili na usome thamani za nyekundu, kijani na buluu katikati ya picha, halafu kwenye kona nne na katikati ya kingo za kushoto na kulia.

Giza la kona utaliona kwa matoleo yote. Hesabu ya kosaini kwa kipeo cha nne, inayokadiria mwanga unavyopungua kadiri mwale unavyoinama, inasema kwamba kwa pembe ya nyuzi 110 (nusu yake, nyuzi 55, ndiyo inayohesabiwa), kona kabisa inapokea kama asilimia 11 ya mwanga wa katikati, yaani pungufu ya stopu tatu na kidogo (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu). Mbunifu anaweza kuipunguza adhabu hiyo, lakini hawezi kuifuta. Wala kufunga tundu hakuiondoi.

Rangi ni habari nyingine. Kwa toleo la kwanza na la pili kwenye sensa nyingi, ukingo mmoja unaelekea wekundu au zambarau, na ukingo wa pili unaelekea kijani au buluu ya kijani. Wapigapicha huita hali hii bendera ya Italia. Chanzo chake ni kwamba kioo cha nyuma kiko karibu sana na sensa, kwa hiyo miale inayokwenda kwenye kona inaingia kwa mshazari mkali. Mikrolenzi zilizo juu ya pikseli hushindwa kuishika yote, na sehemu ya mwanga iliyopita kwenye chujio ya rangi moja inaangukia pikseli ya jirani yenye rangi nyingine. Filamu haijali hata kidogo, kwa kuwa haina mikrolenzi wala vyumba vya rangi vilivyopangwa ubavu kwa ubavu.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo jibu la ile kona isiyokuwa kali popote. Mbele ya sensa kuna bamba la kioo. Kwenye Leica M limekuwa jembamba, chini ya milimita 1. Kwenye Sony A7 za mwanzo ni kama milimita 2. Mwale ulionyooka hauathiriki sana nalo, ila ule wa mshazari unapindishwa, na maelezo ya kona yanapakaa. Jaribu toleo la pili kwenye kamera hizo mbili halafu kwenye filamu, utadhani ni lenzi tatu.

Toleo la tatu liliundwa kupunguza yote mawili: vioo vya ziada vinaifanya miale itoke nyuma ikiwa imenyooka zaidi. Ukubwa na uzito ulioongezeka ndio gharama ya kazi hiyo. Kwa maoni yangu ni gharama ya haki kwa mtu wa sensa, na ni mzigo usio na faida kubwa kwa mtu wa filamu.

Hatua ya 7: Soma picha bila kujua jina

Mwombe mtu abadilishe majina ya mafaili na abaki na orodha. Fungua kwa ukubwa ambao picha zako hutazamwa kweli, kisha ndipo ukuze. Andika uamuzi wako wa kila kona kabla ya kufunua orodha. Macho yanayojua kwamba faili limetoka kwa lenzi mpya huona ukali hata mahali usipokuwepo.

Kwa filamu, kagua negatifu kwa lupe (kioo kidogo cha kukuzia) juu ya meza ya mwanga kabla ya kuamini skana. Filamu iliyojikunja ndani ya skana inapoteza ukali kwenye kingo, palepale unapotaka kuhukumu.

Hatua ya 8: Amua kwa kazi yako

Kwa filamu nyeusi na nyeupe mitaani, ningechukua toleo la kwanza bila kusita. Kwa f/8, ukiweka umbali wa mita 1 hivi, kila kitu kuanzia nusu mita hadi mbali kabisa kinaingia ndani ya kipimo cha kawaida cha ukali unaokubalika kwa filamu ndogo, hivyo kukosa renjifainda hakukupunguzii kitu. Kwa sensa yenye pikseli nyingi kipimo hicho ni kilegevu mno. Mimi huanzia karibu mita 2.

Toleo la pili linamfaa anayetaka vioo vile vya zamani na anahitaji filta, hasa mwenye Leica M8, ambayo sensa yake inahitaji filta ya kuzuia infraredi. Rangi za sensa, kwa toleo lolote, zipiganie kwa fremu nyeupe: piga moja kwa kila tundu unalolitumia, zihifadhi kwenye folda yenye jina la lenzi na la kamera, na uziingize kwenye CornerFix, programu ya kusahihisha rangi za kona, au kwenye kifaa cha LCC (cha kazi hiyohiyo) ndani ya programu ya Capture One. Ukibadilisha kamera, zipige upya, kwa sababu fremu ya sensa moja hairekebishi sensa nyingine.